Mshororo Unaposemwa Mara ya Pili

Mwishoni mwa Novemba 1861 wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Bweranyange, makao ya Omukama (mfalme) Rumanyika wa Karagwe. Januari iliyofuata Speke aliendelea na safari ya Buganda. Grant alibaki, kidonda cha mguu kimemlaza, hadi Aprili 1862. Mgonjwa asiyeweza kutoka husikiliza sana, na Grant alisikiliza. Katika kitabu chake cha safari, kilichotoka 1864, aliisifu nanga kuliko ala zote alizozikuta huku, akaeleza kwamba ina nyuzi saba au nane. Katika nanga moja iliyopigwa na mwanamke mzee, nyuzi sita kati ya saba zilipanda, kwa sikio lake, kwa mpangilio kamili wa sauti. Wa saba tu, aliandika, ndio uliokuwa na kasoro.

Mimi naamini uzi ule haukuwa na kasoro yoyote. Mwanamke anayekaza nyuzi zake mwenyewe, na kuzipiga hadi uzeeni, hapatii sita akaukosea wa saba. Alichokisikia Grant ni sauti iliyokaa kati ya sauti mbili anazozijua, mahali ambapo piano ya kwao haina kibonye. Miongo michache baadaye, ng'ambo ya Atlantiki, watoto na wajukuu wa Waafrika waliotumikishwa utumwani walijenga muziki mzima juu ya sauti za namna hiyo, na muziki huo ukaitwa bluzi. Sisemi kwamba nanga ya Karagwe ndiyo iliyoizaa bluzi. Waliopelekwa Amerika Kaskazini walitoka zaidi Afrika Magharibi na pwani ya Kongo na Angola. Ninachosema ni kwamba mtu wa Karagwe au Kyerwa aliyewahi kumsikia mpiga nanga akisimulia, ala iko magotini, ana mahali pazuri pa kusimama anapokutana na rekodi ninayoihakiki hapa: Nothing but the Blues ya mpiga gitaa Eric Clapton.

Ni rekodi ya jukwaani, iliyonaswa tarehe 8 na 9 Novemba 1994 katika ukumbi wa Fillmore, San Francisco. Ukumbi wenyewe ulikuwa umefunguliwa upya mwaka huohuo, baada ya kufungwa kwa sababu ya tetemeko la ardhi la 1989. Clapton alikuwa katika ziara iliyofuata albamu yake From the Cradle, iliyotoka Septemba 1994, na katika ziara hiyo alipiga bluzi tupu. Hakuna wimbo hata mmoja kati ya zile zilizompa utajiri. Tears in Heaven haumo, Layla haumo, wala zile alizotunga mwenyewe ambazo redio zetu zimezipiga miaka nenda miaka rudi. Filamu ya maonyesho hayo, ambayo Martin Scorsese alikuwa miongoni mwa watayarishaji wake, ilioneshwa kwenye televisheni ya umma ya Marekani mwaka 1995. Kisha ikakaa kimya miaka mingi, hadi Juni 2022 ilipotolewa rasmi pamoja na rekodi ya sauti yenye nyimbo 17.

Kabla ya kuingia kwenye nyimbo, tulikague umbo, kwa sababu hoja yangu yote imesimama hapo. Ubeti wa kawaida wa bluzi una vipimo 12, kila kimoja mapigo manne. Vipimo hivyo vinagawanywa katika mishororo mitatu ya vipimo vinne vinne. Mshororo wa kwanza unaimbwa, unarudiwa, kisha wa tatu unakuja kujibu au kufunga. Msomaji wa mashairi ya Kiswahili atagundua jambo lingine kwa haraka. Mshororo wetu una kina cha kati, unakatika ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na nusu ya pili. Mshororo wa bluzi nao unakatika, ila ukwapi unaimbwa na mdomo na utao unaachiwa ala. Mwimbaji anatumia karibu nusu ya vipimo vyake vinne, ananyamaza, na gitaa linaijaza nusu iliyobaki. Anayeimba maneno bila kuuacha utao wazi hajaimba bluzi, hata kama kila neno lake ni la huzuni.

Mpiga nanga anaijua kazi hii. Anasimulia habari za Rukiza au za Kachwenyanja kwa mafungu mafupi ya maneno, kisha anaziachia nyuzi nafasi, kisha anarudi. Yeye ndiye mwimbaji, yeye ndiye anayejiitikia kwa vidole. Bluzi ya mtu mmoja na gitaa lake, kama alivyoipiga Robert Johnson mwaka 1936 na 1937, ina umbile hilohilo. Clapton wa Fillmore ana bendi kubwa nyuma yake, lakini katika nyimbo bora za rekodi hii amelinda jambo hilo moja: mdomo na vidole ni vya mtu mmoja, na vinazungumza kwa zamu.

Sasa takriri. Wengi wanaoidharau bluzi wanaidharau hapa. Wanasema ni muziki wa kusema jambo moja mara mbili. Wasikilize tena, safari hii chini ya maneno. Mshororo wa kwanza unaimbwa juu ya kodi ya nyumbani, yaani zile sauti zinazopigwa pamoja ambazo sikio linazitambua kama mahali wimbo ulipozaliwa. Unaporudiwa, bendi imeshahama. Imekwenda kwenye kodi ya nne, yaani ile inayojengwa juu ya sauti ya nne ya ngazi, na maneno yaleyale, kwa sauti ileile, yanajikuta ugenini. Mshororo wa tatu unapanda hadi kodi ya tano, penye mvutano mkubwa kuliko pote, kabla ya kurudi. Kwa hiyo maneno hayajarudiwa kamwe. Yamesemwa mara mbili mahali pawili tofauti. Katika shairi letu kibwagizo hurudi mwisho wa ubeti, baada ya mishororo mingine kupita katikati. Katika bluzi marudio yanakuja papo hapo, wakati maneno bado yako mdomoni, na kinachobadilika ni ardhi. Ustadi wa mwimbaji wa bluzi unapimwa kwa mshororo wa pili.

Wimbo wa 15, Have You Ever Loved a Woman, ndio ninaoutumia kama kipimo. Uliandikwa na Billy Myles, na Freddie King akaurekodi 1960. Ni wimbo wa kwendapole, kila pigo limegawanywa mara tatu, na unahusu mtu anayempenda mwanamke asiye wake. Mke huyo ni wa rafiki yake wa karibu. Clapton aliurekodi 1970 na kundi la Derek and the Dominos, siku ambazo alikuwa akimpenda Pattie Boyd, mke wa rafiki yake George Harrison, na dunia ya muziki ikaja kulijua jambo hilo. Fillmore anauimba akiwa na miaka 49. Ndoa yake na Pattie ilikuwa imekuja na kwisha.

Mshororo wa kwanza ni swali, na umbo la bluzi linamlazimisha aliulize swali hilo mara mbili mfululizo. Fikiria hilo kama mhakiki wa ushairi. Taarifa ikirudiwa inakuwa msisitizo. Swali likirudiwa, aliyeulizwa anabadilika. Mara ya kwanza Clapton anauliza ukumbi, na ukumbi unajibu kwa makelele, kwa kuwa kila mtu mle anakijua kisa. Gitaa linaingia na kujaza utao kwa maneno machache ya nyuzi za juu. Bendi inahamia kodi ya nne. Swali linarudi, na sasa linasikika kuwa la mtu anayejiuliza mwenyewe: halitaki tena jibu la watu. Kisha mshororo wa tatu unafunga, na gitaa halikimbilii kuujibu. Pengo lile ndilo lililonifanya niandike makala hii. Mpigaji wa roki aliyezoea viwanja vikubwa ana kila sababu ya kulijaza kwa vidole vyepesi, na Clapton wa miaka ya 1960 angelijaza. Huyu analiacha mpaka linauma, kisha anaweka sauti moja.

Ipo sauti moja na ipo sauti moja. Shingo ya gitaa ina vijiti vya chuma vinavyogawanya uzi kwa hesabu kamili, na kila kijiti kinatoa sauti ambayo piano inayo. Lakini kidole kinaweza kuusukuma uzi pembeni ukiwa umebanwa, nao ukikazika sauti yake inapanda taratibu. Mpigaji anaweza kuipeleka hadi sauti inayofuata, au akaisimamisha njiani. Bluzi inapenda njiani, hasa kwenye sauti ya tatu na ya saba ya ngazi, pale ambapo muziki wa Ulaya unamtaka mtu achague kati ya furaha na huzuni. Katika Someday After a While, unaotangulia Have You Ever Loved a Woman, Clapton anaivuta sauti ya tatu bila kuifikisha. Inasimama juu ya sauti ya huzuni, chini ya sauti ya furaha, inatetemeka kwa mkono wa kushoto, inashuka. Akiifanya hivyo mwishoni mwa utao, mshororo unaofuata wa maneno unaanza ukiwa tayari una jeraha. Mwanamke wa Bweranyange hakuhitaji kusukuma uzi, alishaukaza mahali alipoutaka. Sikio lililomwita mkosaji lingesema hivyohivyo juu ya gitaa hili.

Five Long Years, wimbo wa sita, unaonesha upande mwingine wa umbo. Eddie Boyd aliurekodi 1952. Mwanamume amefanya kazi miaka mitano kiwandani, kila Ijumaa anapeleka mshahara nyumbani, na mwanamke anamfukuza. Hakuna taswira yoyote ya kupendeza ndani yake: ni hesabu ya vibarua na dhuluma. Wazee wa Karagwe wa zama za ukoloni, waliovuka kwenda Buganda kulima mashamba ya watu ili walete fedha za kodi na mahari, wangeielewa bila mfasiri. Kwa maandishi mtu angeweza kusema habari hiyo haina ushairi. Ushairi wake uko kwenye idadi ya miaka, ambayo haikai kwenye mshororo unaorudiwa bali inangoja mshororo wa tatu. Anapoifikia, Clapton anaisukuma sauti hadi inapasuka, bendi iko kodi ya tano, na ile idadi inaacha kuwa hesabu. Chini yake Andy Newmark, mpiga dramu, anashikilia mwendo kama kijana anayeshuka mteremko wa Mto Kagera na mikungu mitatu ya ndizi nyuma ya baiskeli: uzito wote unataka kukimbia, na kazi yake ni kutouruhusu. Bluzi ya polepole hufa pale bendi inapoanza kuharakisha kila mwimbaji anapopandisha sauti. Hii haiharakishi.

Nimesifu, sasa niseme panaponiudhi.

Nyimbo za mwanzo wa rekodi, hasa Standin' Round Crying, Forty-Four na It Hurts Me Too, zimepigwa kwa utiifu uliopitiliza. Ya kwanza ni ya Muddy Waters, ya 1952. Ya pili tunaijua zaidi kwa koo la Howlin' Wolf, ambaye aliirekodi 1954. Ya tatu ni ya Tampa Red, ya 1940, lakini hapa imevaa nguo za Elmore James, pamoja na ile chupa inayotelezeshwa juu ya nyuzi. Clapton amezichunguza rekodi hizo hadi punje ya mwisho. Anajua gitaa linaingia wapi, hamonika inalia wapi. Kwa upande wa ala sina ugomvi naye. Jerry Portnoy, anayepuliza hamonika, alipiga katika bendi ya Muddy Waters mwenyewe kuanzia 1974 hadi 1980, na anapoijaza nafasi ya utao katika Standin' Round Crying anasema jambo aliloliishi. Kinachonikera ni sauti ya mwimbaji. Mwingereza wa Surrey anakwaruza koo ili asikike kama mzee wa Mississippi, na ninapomsikiliza nasikia kwanza mwigo, kisha wimbo.

Hapa nanga inanisaidia kusema kwa nini. Profesa Mugyabuso Mulokozi, mwana wa Kagera, aliandika mwaka 1983 makala muhimu kuhusu wapiga nanga, akiuliza kama ni watunzi wa tendi. Kutokana na kazi yake tunajua kwamba mpiga nanga harithi maneno yaliyoganda. Anarithi kisa, majina, mafungu ya maneno yanayofaa mdundo, na namna ya kukaza nyuzi, kisha utendi unaundwa upya mbele ya wasikilizaji wa siku hiyo. Wasikilizaji wanamtambua mara moja kwa jinsi anavyosimulia, hata kisa kikiwa kilekile walichosikia kwa mwingine. Hiyo ndiyo heshima kwa waliotangulia. Kuchukua hadi koo la mtu ni jambo jingine. Clapton alipoziimba nyimbo za Freddie King aliimba kwa koo lake, labda kwa sababu alimfahamu King na kufanya naye kazi kabla hajafariki 1976. Alipomwimba Muddy na Wolf, heshima ilizidi kimo na ikamziba.

Na kuna jambo ambalo mhakiki wa Kiafrika hawezi kuliruka. Agosti 1976, huko Birmingham, Clapton alisimama jukwaani akiwa amelewa akawatolea maneno ya chuki wahamiaji weusi na wa Asia, na kumuunga mkono mwanasiasa Enoch Powell. Maneno hayo yalichangia kuzaliwa kwa vuguvugu la Rock Against Racism. Miaka mingi baadaye, katika filamu ya maisha yake ya 2017, alisema anayaonea aibu. Silitaji hilo ili niitupe rekodi. Nalitaja kwa sababu rekodi yenyewe, kwa namna ilivyopangwa, ni orodha ya madeni. Karibu kila mmoja wa wale ambao nyimbo zao zimeimbwa hapa ni Mmarekani mweusi. Mtu aliyesema yale 1976 anasimama 1994 mbele ya watu waliolipa kumwona yeye, anakataa kuwapa nyimbo zake, na jioni nzima anawaimbia za Wamarekani weusi hao. Msamaha wa maneno naweza kuutilia shaka. Kule kukataa kupiga nyimbo zake mwenyewe, usiku kwa usiku, nakuona kuna uzito.

Katikati ya rekodi, nyimbo za 8, 9 na 10, Clapton anaweka chini gitaa la umeme. Malted Milk ni ya Robert Johnson. Motherless Child aliirekodi Barbecue Bob 1927, kwa gitaa la nyuzi 12. How Long Blues ni ya Leroy Carr, ya 1928. Huu wa tatu una faida ya kimuundo: ubeti wake una vipimo 8, si 12, na badala ya mshororo kurudiwa papo hapo kuna swali la kibwagizo linalorudi kila ubeti. Sikio ambalo limeshaizoea ile safari ya kodi ya nne linakatishwa njia, na linapumzika. It Hurts Me Too nao una vipimo 8, na ndiyo sababu, hata kwa kasoro niliyoitaja, unakaa vizuri mahali ulipo, wimbo wa nne. Aliyepanga nyimbo hizi alijua kwamba umbo moja lenye nguvu linahitaji umbo dogo kando yake ili lisikike.

Crossroads nao uko hapa, wa saba. Mwaka 1968, akiwa na kundi la Cream, Clapton aliupiga jijini humohumo San Francisco, katika ukumbi wa Winterland, na rekodi hiyo ya jukwaani ikawa funzo kwa vijana wa magitaa dunia nzima. Ilikuwa ya watu watatu wanaoshindana, na wimbo wa Robert Johnson ulikuwa kisingizio cha mbio. Fillmore, miaka 26 baadaye, umewekwa katikati ya foleni, haukupewa nafasi ya kufunga, unapita. Mashabiki wengi wataona amewapunja. Mimi naona ameurudisha kwa mwenyewe.

Nyimbo zenye tarumbeta na saksafoni, Sinner's Prayer na Everyday I Have the Blues, ni safi na zina raha, na sina mengi ya kusema juu yake. Ala za kupuliza zinachukua nafasi ya utao, kwa hiyo gitaa linapoteza zamu yake, na pamoja nayo yale mazungumzo ya mdomo na vidole niliyoyatafuta. Reconsider Baby wa Lowell Fulson una mwendo mzuri wa besi ya Dave Bronze. Msikilizaji wa dansi anayeanza kusikiliza wimbo wowote kutoka chini atafaidi.

Neno moja juu ya namna ya kurekodi. Albamu ya studio, From the Cradle, ilirekodiwa wanamuziki wote wakipiga pamoja chumbani. Kilichoongezwa baadaye ni dramu katika wimbo mmoja na gitaa moja katika mwingine, basi. Waliokulia kwenye kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam wataielewa thamani ya hilo, maana bendi zetu za dansi zilirekodi hivyo, zote chumba kimoja, na gitaa la solo lilimsikia mwimbaji kwa masikio. Kutoka kwenye albamu ya namna hiyo hadi jukwaani hakuna umbali mkubwa. Tofauti kubwa ya Fillmore ni watu. Katika bluzi mtu wa tatu wa mazungumzo ni ukumbi, naye anaingia mahali palepale pa utao, pamoja na gitaa, kwa mluzi na ukelele. Rekodi imeunganishwa kutoka usiku mbili, na kwa hiyo baina ya wimbo na wimbo ile hali ya jioni moja inayopanda na kushuka haipo kikamilifu. Lakini ndani ya kila wimbo ukumbi upo, na waliochanganya sauti hawakuufukuza.

Nyimbo tatu za Freddie King zimewekwa mfululizo, 14 hadi 16, na ndipo rekodi inapofika kileleni. Someday After a While inafungua jeraha, Have You Ever Loved a Woman inauliza, na I'm Tore Down inapiga mbio. Huu wa mwisho unaanza na kibwagizo kabla ya ubeti wowote, kisha katika beti bendi inagonga pigo moja na kunyamaza, na mwimbaji anabaki peke yake hewani na maneno yake, hadi bendi inaporudi yote kwa pamoja. Baada ya nyimbo mbili ambazo pengo lilikuwa mahali pa maumivu, hapa pengo ni mahali pa kuchezea. Umbo ni lilelile, kimya ni kilekile, na maana imegeuka. Laiti Clapton angeimba rekodi nzima kwa uhuru huo.

Baada ya hapo angeweza kuacha watu wakiwa wamesimama wanacheza. Badala yake anafunga na Groaning the Blues, wimbo wa Willie Dixon ambao Otis Rush aliurekodi Chicago 1957, wa polepole, mzito, mgumu kwa koo. Otis Rush alikuwa na sauti ya juu yenye kilio ambayo Clapton hana. Hajaribu kuiiga, na kwa kuwa hajaribu, anaufikia wimbo kwa njia yake: sauti inakwama, anauachia uzi wa gitaa uendelee pale koo lilipoishia, na mgawanyo wa ukwapi na utao unavunjika, kwa mara ya kwanza, kwa sababu mdomo umeshindwa kuimaliza nusu yake.

Mwenye nusu saa tu asianze na wimbo wa kwanza. Aanze na wa 14, aende hadi 17 bila kuruka, kisha arudi Five Long Years na How Long Blues. Hizo za mwanzo azisikilize baadaye, akiwa amemsikia kwanza Muddy Waters mwenyewe. Na aliye Kayanga, Nkwenda au Murongo na anamjua mzee ambaye bado anaipiga nanga, amchezee Someday After a While, amuulize anaupimaje ule uzi unaovutwa na kusimamishwa njiani.